Pigo Moja la Upatu

Kifungo cha juu kilimshinda. Oiva Lehtovirta alikishika kwa vidole vya mkono wa kushoto, akakisukuma, kikateleza. Akakisukuma tena, kikamponyoka kama samaki. Mkewe, Rauni, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akijifanya anatazama theluji ya nje.

"Hebu nione," alisema mwishowe.

"Naweza."

"Najua unaweza. Lakini mazoezi ni saa nne, na wewe bado uko shingoni."

"Nimesema naweza, bibi wee!"

Rauni akanywa kahawa yake. Ndoa yao ya miaka mingi ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe husema "naweza" mara mbili, ya tatu hunyamaza. Alingoja kimya hicho kifike. Kilipofika, aliweka kikombe mezani, akamfunga vifungo vyote asiseme neno, naye Oiva akakodolea dari macho kama mtoto anayenyolewa.

Mwezi wa pili, alipokuwa anazoa theluji mlangoni kwa koleo, kiharusi kilimpitia. Kilikuwa kidogo, daktari alisema, na mgonjwa ashukuru. Mdomo ulirudi mahali pake, miguu ikarudi, ila mkono wa kulia ulikataa. Na mkono huo ndio uliokuwa umeiongoza okestra ya mji ule wa ziwani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ndio uliokuwa umeandika simfoni nyingi hata mwenyewe ameanza kukosea hesabu. Watu wa sokoni walikuwa na mzaha wao: Lehtovirta akipiga chafya, mletee karatasi, simfoni imezaliwa. Karatasi hizo zilijaza kabati, zikajaza chumba cha binti yao Sointu alipoolewa Tampere, na sasa zilikuwa zimehamia hadi kwenye kijumba cha sauna, bafu lao la mvuke, mahali pa kuvulia nguo, zikijikunja kwa mvuke. Alikwisha kuongoza okestra Stockholm na Hamburg na Budapest, akapigiwa makofi na kupewa maua, na kila mara akarudi. Huko kwingine, alikuwa akisema, watu hawajui kunyamaza.

Rauni alipiga fidla ya pili katika okestra hiyo hiyo. Ukumbini mumewe alitawala, nyumbani akatawala yeye, na mpaka wa himaya hizo mbili ulikuwa daraja la reli. Asubuhi ile walilivuka pamoja, mmoja na fidla mgongoni, mwingine na mkono mfukoni.

Wanamuziki walimpokea kwa kugonga stendi zao za nota kwa pinde za fidla, kama ilivyo desturi.

"Msinipigie makofi," alisema Oiva akipanda jukwaani. "Sijafa."

Wakacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Akakishika kijiti cha kuongozea kwa mkono wa kushoto. Mbele yao ilikuwa simfoni yake mpya, aliyoimaliza siku chache kabla ya kuugua, ambayo ingepigwa kwenye tamasha la majira ya kuchipua. Mwanzo wake ni wa taratibu, na taratibu hiyo ilimsitiri. Rauni alianza kupumua. Labda, alijiambia, labda yawezekana.

Kisha ikaja sehemu ya mbio, ile ambayo mapigo hubadilika kila baada ya hatua moja mbili, na mkono wa kushoto ukageuza mambo. Palipotakiwa kwenda nje ulikwenda ndani, palipotakiwa kushuka ulizunguka. Tarumbeta zikatangulia. Selo zikabaki nyuma. Oiva akakunja uso na kuukaza mkono, na kadiri alivyoukaza ndivyo ulivyozidi kutetemeka.

Hapo Torsti Haapala, kiongozi wa fidla za kwanza, aliinua shingo ya fidla yake kidogo tu na kuishusha, akaonyesha mpigo kwa mwili wake. Torsti alikuwa mtu mrefu, mpole, rafiki wa Oiva tangu wakiwa wanafunzi wanaogawana mkate mmoja Helsinki. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anavyonyoosha mkono kumdaka anayeteleza kwenye barafu. Na macho ya okestra, jozi moja baada ya nyingine, yakahama jukwaani yakaenda kwake.

Rauni alimtazama mumewe. Kijiti kilikuwa kinachora duara hewani, duara lisilo na mwanzo wala mwisho. Akamtazama Torsti. Upinde wa Rauni ukashuka pamoja na pinde zote, muziki ukanyooka, ukawa mzuri kweli kweli. Alipoinua uso kufungua ukurasa, alikuta Oiva anamtazama yeye, yeye peke yake, na ameona macho yake yametoka wapi.

Oiva akashusha mkono. Okestra iliendelea bila yeye kwa muda, tena vizuri, kabla ya kutambua kuwa jukwaani hakuna anayeongoza.

"Vizuri," alisema kimya kilipofika. "Vizuri sana. Mnaijua."

Akaweka kijiti juu ya stendi, akashuka, akatoka. Mtu mmoja alimkimbilia na koti. Alilitupia mabegani, akaingia kwenye baridi bila kulifunga, kwa kuwa kulifunga kungehitaji mtu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu ya kutisha. "Nipe siagi, tafadhali." "Asante." "Kahawa imebaki?" "Imebaki." Oiva alikaa mbele ya meza yake ya kazi na kujaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, nota zikatoka kama nyayo za kuku kwenye theluji, akachana. Sointu alipiga simu kutoka Tampere akitaka kuzungumza na baba yake, baba akatikisa kichwa, na Rauni akadanganya kwamba amelala. Ilikuwa saa sita mchana.

Jumamosi Rauni alikoka moto wa sauna kama kawaida. Alidhani mumewe atataka kwenda peke yake, lakini alipoingia na kukaa kwenye benchi la juu, mlango ulifunguka naye Oiva akaja, uchi na mwenye hasira. Akachota maji kwa kata, kwa mkono wa kushoto, ili ayamwage juu ya mawe. Nusu yake ilimwagikia mguuni mwake.

"Shetani na mama yake!"

"Yamekuunguza?"

"Ni ya baridi. Usijidai unanihurumia." Akakaa benchi la chini, akampa mgongo. Mvuke ulipanda, ukawafunika, ukatulia. "Kwa nini ulimtazama Torsti?"

Rauni alikuwa amelingoja swali hilo siku zote nne. Majibu aliyokuwa ameyaandaa yakapotea kwenye joto.

"Kwa sababu nilitaka kucheza sawasawa."

"Mimi nilikuwa mbele yako."

"Ulikuwa mbele yangu, ndiyo. Mpigo ulikuwa kwa Torsti."

"Wale wengine sawa. Wale ni waajiriwa, wana familia zao. Lakini wewe! Ungenivumilia."

"Nikuvumilie?" Rauni alishuka benchi moja. "Simfoni yako, Oiva. Umekaa nayo majira yote ya baridi, supu inapoa, wageni wanaondoka hawajakuona. Nikuvumilie wewe, halafu nishiriki kuiua? Ungenisamehe?"

Oiva alimgeukia, akafikiri. Alikuwa na aibu ndogo ya watu wakweli, hakuweza kusema uongo akiwa hana nguo.

"Nisingekusamehe."

"Basi."

"Lakini hata hivi sijakusamehe."

"Hilo nalijua. Geuka nikusugue mgongo."

Akageuka. Mgongo ule mpana aliusugua taratibu, na alipofika kwenye bega la kulia, lile lililolala, alipunguza nguvu. Oiva akasema asipunguze. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo, kana kwamba analiambia jiko.

"Walivyoendelea bila mimi, Rauni. Unajua ilikuwaje? Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonikata maini."

Jumatatu alipiga simu mwenyewe katika ofisi ya okestra, akawaambia watafute mtu. Upande wa pili walisema maneno mengi ya heshima. Alisema, "Ndiyo, ndiyo, nawe pia," akakata, akala viazi vitatu kwa samaki wa chumvi bila kuinua kichwa.

Mtu aliyepatikana aliitwa Sanelma Vainio, binti wa mji wa Oulu, umri wa miaka thelathini hivi. Alikuja nyumbani kwao na nakala ya simfoni kwapani, akavua viatu mlangoni kama watu wote, na kidole chake gumba kikachungulia kupitia tundu la soksi. Akakificha kwa mguu wa pili. Rauni aliona, akampenda papo hapo, akamkatia kipande kinene cha mkate wa iliki.

Oiva hakumwinukia.

"Umeongoza simfoni ngapi?"

"Chache kuliko ulizoandika, maestro."

"Hiyo ni kila mtu duniani. Kunywa kahawa."

Alinywa. Akauliza maswali yake, na hayakuwa ya kijinga. Hapa unataka watu wapumue? Mwendo huu uwe kama wa mtu anayetembea au wa mtu anayechelewa? Oiva alijibu kwa neno moja, kisha kwa mawili, hadi kahawa ya pili ilipomiminwa alikuwa anaimba sehemu ya tarumbeta huku akigonga meza kwa kijiko. Rauni alisimama kando ya jiko asisogee, kama mtu aliyeona paa bondeni.

"Kuna jambo moja," Sanelma akasema, akaufungua ukurasa wa mwisho. "Huu upatu. Pigo moja, mwishoni kabisa. Ahti Kurki atakuwa kwenye ngoma, msaidizi wake yuko kwenye kengele. Ofisi inasema haimwiti mpigaji wa tatu kutoka mji mwingine kwa ajili ya pigo moja. Wanaomba... wanauliza kama tunaweza kuliondoa."

"Kuliondoa!" Kijiko kiliruka. "Simfoni nzima inatembea kwenda kwenye pigo hilo! Ni kama kumwoza binti yako ukamtoa bwana harusi! Waambie—waambie nitalinunua hilo pigo mwenyewe! Waambie wakate pua zao kwanza!"

"Nimekwisha kuwaambia, kwa maneno mengine kidogo. Hawakusikia."

"Si ukapige mwenyewe," alisema Rauni.

Wote wawili wakamgeukia.

"Upatu haupigwi kwa mikono miwili," akaendelea, akifuta sufuria ambayo ilikuwa kavu tangu asubuhi. "Wa kushoto si unao."

Oiva akakiokota kijiko. Uso wake ulipanda wekundu kutoka shingoni. Rauni alijua kwamba safari hii amevuka daraja la reli, ameingia himaya isiyo yake akiwa na viatu vya matope. Binti wa Oulu alikuwa anakitazama kikombe chake kwa makini sana.

"Nikae nyuma," Oiva akasema polepole. "Mimi. Nikae nyuma na Ahti, ningoje."

"Ndiyo."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Lehtovirta anapiga upatu. Sasa hivi wanasema Lehtovirta amekwisha. Chagua."

Sanelma akakohoa. "Mimi ningefurahi," alisema. "Na ningeogopa sana. Lakini ningefurahi zaidi."

Kumbe nyuma ya okestra kuna dunia nyingine. Oiva aliigundua kwenye zoezi la kwanza, akiwa kwenye kiti cha mbao kando ya Ahti Kurki, mzee mfupi wa masharubu aliyekuwa na chupa ya kahawa, gazeti lenye fumbo la maneno na peremende za chumvi mfukoni. Kutoka hapa huoni nyuso za watu. Unaona visogo, mabega, vipara. Sauti ya fidla inakufikia imechelewa, ya tarumbeta inakupasua sikio. Na unangoja. Ukurasa baada ya ukurasa wa kungoja, ukihesabu hatua kimoyomoyo, na ukipoteza hesabu hakuna wa kukusaidia.

"Peremende?" Ahti alinong'ona.

"Nyamaza, nahesabu."

"Haya. Mimi huanza kuhesabu baadaye sana."

Muziki ulikua, ukafura, ukapanda. Oiva alisimama, akainua kirungu cha upatu kwa mkono wa kushoto, akapiga. Mlio ulijaa ukumbi kama bahari. Ulikuwa mlio mzuri sana, na chini yake okestra yote ilijikwaa na kusimama.

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamekaa na visogo vyao vimekakamaa, maana kila mmoja pale alikumbuka jinsi mtu huyu alivyokuwa akiwatendea wapiga ngoma waliowahi au kuchelewa. Aliwahi kumtupia mmoja kijiti.

"Maestro," alisema Sanelma kutoka mbele. Akashusha kijiti. "Ni mapema."

"Mapema kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Ukurasa mzima," Ahti akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwenye fumbo lake.

Mtu wa selo alicheka puani. Kisha mwingine. Rauni, kule kwenye fidla za pili, alifumba macho. Alisikia kiti kikilia sakafuni, akasubiri hatua za miguu kuelekea mlangoni.

"Samahani," ilisema sauti ya mumewe. "Samahani nyote. Turudie."

Wengi mle ndani walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa hicho. Torsti Haapala aligonga stendi yake kwa upinde, mara moja, polepole, na wengine wakamfuata.

Wakati wa kurudi nyumbani theluji ya barabarani ilikuwa imekuwa uji. Waliruka madimbwi, Rauni akimshika Oiva mkono mzima.

"Niliwahi kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe," Oiva alisema.

"Mimi?"

"Sijawahi kukuona ukicheza. Usicheke. Nimekuona uso, uso na fidla, miaka yote, ninyi mnakuwa uso mmoja tu mkubwa unaoningoja. Leo nimekuona kwa nyuma. Unainua bega kabla ya nota ya juu, kama mtu anayeingia maji ya baridi."

"Kila mtu anajua nainua bega."

"Mimi sikujua. Nikalitazama hilo bega, hesabu ikapotea."

Rauni aliruka dimbwi jingine. Moyo wake ulikuwa umejaa, na hakutaka ujulikane.

"Basi usinitazame," alisema. "Mtazame yule binti wa Oulu."

"Nimtazame yeye, nikusahau wewe?"

"Nusu saa tu, mzee. Hutakufa."

Oiva akasimama katikati ya daraja la reli. Treni ya mizigo ilipita chini, ndefu, na hakuweza kusema kitu hadi ilipokwisha. Na ilipokwisha alisema, "Kumbe ndivyo," akaendelea kutembea. Hilo jambo la Torsti hawakulizungumza tena, kwa kuwa lilikuwa limemalizika.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa hadi ngazini. Barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwa kuyeyuka, na watu walikuja na viatu vya kubadilisha ndani ya mifuko. Rauni alipokuwa anarekebisha nyuzi alisikia minong'ono ikienda safu kwa safu wakati Oiva alipoingia kwa mlango wa nyuma na koti lake jeusi, akakaa kati ya ngoma. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mke wa mfamasia, alisema kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona:

"Maskini wa Mungu. Wamemweka nyuma na masufuria."

Rauni alikaza uzi wake kupita kiasi, ukalia kwa hasira. Alitaka kugeuka amwone mumewe kama amesikia. Hakugeuka. Sanelma alikuwa ameinua mkono.

Ilianza taratibu. Ikaja sehemu ya mbio, na safari hii mbio zilikuwa mbio, zikimwagika kama mito barafu yake inapofunguka. Rauni alicheza na kusahau mke wa mfamasia, akasahau kiharusi, karibu akamsahau na aliyeandika. Kuelekea mwisho, ala zote zinapopanda pamoja, alihisi ubaridi mgongoni. Nyuma yake mahali fulani mtu mmoja alikuwa amesimama. Hakuwa na namna ya kumsaidia. Alitoa macho yake yote kwa Sanelma, akainua bega, akaingia kwenye nota ya juu.

Pigo likaja.

Lilikuja pale pale linapotakiwa, si kabla wala baada. Kwanza halikuwa hata sauti, lilikuwa kitu kwenye mbao za sakafu, kikapanda miguuni, kikafunguka. Okestra ikanyamaza kama ilivyoandikwa, na upatu ukabaki peke yake ukilia, ukizeeka, ukiondoka, nao watu mia kadhaa wa mji ule, ambao wanajua kunyamaza, walinyamaza hadi ukaisha, kisha wakanyamaza kidogo zaidi.

Makofi yalipoanza Sanelma hakuinama. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma. Oiva, ambaye maisha yake yote makofi yalimkuta akiwa mbele, aligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Ni wewe, mpumbavu," Ahti Kurki alimsukuma kiunoni.

Oiva akainama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila mpango, naye hakuyafuta, mkono mmoja ukiwa na kirungu na mwingine ukiwa umelala.

"Ahti," alisema kupitia meno, bado ameinama, "kungoja kule kunaua. Kwa nini hamkuniambia miaka yote hii?"

"Tulikuambia. Kila mwaka."

"Mbona sikusikia?"

"Ulikuwa unapunga mikono."

Nyumbani kulikuwa na supu ya samaki iliyobaki mchana. Rauni aliipasha, akakata mkate mweusi, akamfungua mumewe vifungo vya shati huku sufuria inachemka, naye safari hii hakusema kwamba anaweza. Alikula kwa mkono wa kushoto, akimwaga kidogo, akiongea mdomo umejaa. Tarumbeta ya pili ilipanda mapema. Yule binti wa Oulu alikimbia mno pale katikati, lakini mbio zake zina akili. Mwisho ungeweza kuwa mfupi zaidi, ni mrefu ule mwisho, kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba miisho yake ni mirefu?

"Kula," alisema Rauni.

"Ahti anasema siku ya Vappu, Mei Mosi, wanapiga walzi za dansi. Msaidizi wake hatakuwepo, anataka mtu wa pembetatu."

Rauni aliacha kijiko. "Pembetatu? Ile ya ting, ting?"

"Ile ile."

"Walzi za watu wengine?"

"Za watu wengine, bibi, mimi sijawahi kuandika walzi hata moja." Akapangusa sahani kwa mkate. "Nimemwambia nitafikiri."

"Na umefikiri?"

"Nimefikiri nikiwa nashuka ngazi." Oiva akanyoosha sahani aongezewe supu, na uso wake ulikuwa umenawiri kama wa mtu aliyetoka sauna. "Pembetatu ina mapigo mengi sana, Rauni. Mtu hangoji hata kidogo."